Mtaalamu akitoa ushauri wa bure ukamdhuru mtu, alipe?

Mleta mada: Wafamasia na mawakili wanajibu maswali ya watu wasiowajua, bure, kisha wanamalizia: "Huu si ushauri wa kitaalamu." Mstari huo unawakinga mahakamani?

Wakili: Bure haimkingi mtu. Kesi ya Hedley Byrne dhidi ya Heller, Uingereza, 1963: benki ilitoa maelezo ya bure kuhusu hali ya mteja wake, kampuni ya matangazo ikayategemea, ikapoteza zaidi ya pauni 17,000. Baraza la Mabwana, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, lilikubali kwamba maneno ya uzembe yanaweza kuzaa fidia hata bila mkataba. Benki ilipona kwa kuwa ilitamka mapema kwamba haibebi dhamana. Mahakama zetu huinukuu.

Mfamasia: Hiyo ni pesa, mkuu. Mwili je? Mtu anaandika "mpe mtoto kijiko kimoja cha parasetamoli." Kijiko kipi? Cha dawa ni mililita 5, cha chakula 15. Kuna sirapu ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, na kuna ya 250. Mtoto wa kilo 8, kwa miligramu 15 kwa kilo, anahitaji 120. Kijiko cha chakula cha ile ya 250 kinampa 750! Akirudiwa hivyo, ini linaumia.

Wakili: Hapo mstari haukuokoi. Kule Uingereza, sheria ya 1977, na kwa walaji tangu 2015 sheria ya haki za walaji, inamkataza mtoa huduma wa kibiashara kujivua dhamana ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake.

Mama Wawili: Mnatisha watu bure. Wafamasia wenyewe siku hizi ni wauza duka tu, hata kikombe cha kupimia hawatoi.

Mfamasia: Muuza duka haulizi uzito wa mtoto, dada. Mimi nauliza uzito, nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, na kama anatumia dawa ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani.

Mama Wawili: Sijauliza unachouliza. Nimeuliza kikombe.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye fidia.

Mama Wawili: Ndiyo fidia yenyewe hiyo. Ukiniambia "mililita 5" na chupa haina kipimo, nitapimia nini?

Mfamasia: Bomba la sindano, bila sindano yenyewe, lenye alama za mililita. Vuta hadi 5, toa mapovu, mmiminie mdomoni, upande wa ndani wa shavu, polepole.

Mama Wawili: Basi liwekwe na chupa, dirishani hapo hapo.