Kayaki ya upepo: ya bei nafuu au ya sakafu ngumu?

MtuWaMasaka
Habari zenu wadau. Shemeji yangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi na amekubali kunibebea mzigo mmoja. Nataka kayaki ya kujaza upepo. Nimebaki na mbili: Intex Explorer K2 ya watu wawili, au nyingine ya mtu mmoja yenye sakafu ngumu, bei yake kama mara tatu. Mimi ndiyo naanza, na maji ni matulivu. Nichukue ipi?

Kafi_Kabale
Matulivu ya wapi, ssebo? Ziwa gani? Una kilo ngapi? Unajua kuogelea? Utakuwa peke yako au na mtu? Mpaka sasa tunamjua shemeji tu.

JinjaMajini
Suala la kilo si utani. K2 imeandikwa kilo 180, lakini ukijaza watu wazima wawili wenye miili inalala majini kama mkeka uliolowa. Mimi natumia ya sakafu ngumu. Ndani ina nyuzi maelfu zinazoshika juu na chini, kwa hiyo unaijaza upepo mwingi, psi 8 au zaidi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, kama kwenye matairi), na inabaki bapa. Inakata maji vizuri. Ukishaizoea huwezi kurudi kwenye plastiki laini.

Afande_Mstaafu
Mnachezea hela. Nenda mwaloni kwa wavuvi ukachongewe mtumbwi wa mbao, utautumia mpaka wajukuu.

JinjaMajini
Mzee, heshima yako, lakini mtumbwi atauweka wapi? K2 ikikunjwa ina kilo kama 14, unapanda nayo boda.

MtuWaMasaka
Samahani, majibu haya hapa. Kilo 92. Ziwa Nabugabo mara nyingi, na Ggaba kwenye Ziwa Victoria nikiwa Kampala. Mwanangu wa miaka tisa huenda akaja. Kuogelea najua kiasi.

Kafi_Kabale
"Kiasi" maana yake hujui. Basi cha kwanza si kayaki, ni majaketi ya kuokolea mawili, la kwako na la mtoto, la saizi yake. La mtu mzima likimvaa mtoto linapanda juu, yeye anabaki chini. Nunua pia pezi la chini ya kayaki ikiwa halimo kwenye boksi. Bila pezi mgeni anazunguka palepale, kama ilivyo kwa watalii wetu wa Ziwa Bunyonyi, huku Kabale, kwenye mitumbwi ya kuchonga.

MamaEntebbe
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja pancha. Ngojeni niwasimulie.

Tulikuwa na mzee wangu kwenye hiyohiyo K2, asubuhi, ziwa limetulia kabisa. Tukapita kandokando ya mafunjo. Kumbe kuna kamba ya ndoana za mputa (sangara) imeachwa humo, imefunikwa na magugu maji. Hakuna kilicholipuka. Nilisikia mlio mwembamba tu, sssss, chini ya paja langu la kulia. Ubavu ukaanza kulegea. Vyumba vya upepo viko mbalimbali, kwa hiyo haikuzama, ila ilijikunja na kila nikipiga kafi inageukia upande wa tundu. Mzee amebana tundu kwa kidole gumba, mimi napiga kafi, tunazunguka. Wavuvi wa mukene (dagaa) waliokuwa wanarudi wakaturushia kamba na kutuvuta, wakicheka mpaka mwaloni.

Shida hasa ilikuwa nchi kavu. Fundi wa pancha za magari akakwangua vizuri, akapaka solusheni ya tyubu, akabandika kiraka cha mpira. Kikapendeza. Siku ya pili juani kikabanduka chote, unakivua kwa kucha. PVC, plastiki ya kayaki hizi, haishikani na solusheni ile. Na usidanganywe na gundi ya mabomba ya maji, ikikauka inakuwa ngumu halafu inapasuka. Mwambie shemeji anunue huko huko gundi ya PVC laini na viraka vyake.

MtuWaMasaka
Kwa hiyo hiyo K2 niache, nnyabo?

MamaEntebbe
Sijasema hivyo. Bado tunaitumia. Ndoana haiulizi bei, hata hiyo ya JinjaMajini ingetoboka.

JinjaMajini
Ya kwangu ngozi yake ni nene zaidi, lakini sawa.

Daktari_wa_Mifugo
Mimi si daktari wa watu, ila Ggaba fikirini kichocho. Konokono wake hupenda pembezoni palipotulia penye majani, yaani palepale mwanzilishi anapotafuta. Miguu inalowa wakati wa kupanda na kushuka. Na dawa, praziquantel, haiui minyoo michanga, kwa hiyo kumeza jioni ileile hakusaidii. Watu husubiri wiki sita au zaidi ndipo wameze.

Kafi_Kabale
Ndiyo maana nasema njooni Bunyonyi. Hakuna kichocho, hakuna mamba, hakuna kiboko. Ziwa la pili kwa kina Afrika, mita 900!

Daktari_wa_Mifugo
Hizo 900 ni za vipeperushi vya hoteli. Waliopima walipata kama mita 40.

Kafi_Kabale
Babu yangu alishusha kamba haikufika chini.

Afande_Mstaafu
Kamba ilikuwa fupi.

JinjaMajini
Turudi kwenye mada. Mkuu, jambo moja la jua: ukiitoa majini mchana, punguza upepo kidogo. Hewa inatanuka, na mishono ya hizi za plastiki ndiyo inayofumuka kwanza. Ukiingia maji ya baridi inalegea, unaongeza. Na Ggaba toka mapema, upepo wa mchana unazisukuma hizi vibaya kwa sababu zinaelea juu juu. Kwa kilo 92 na mtoto, ya mtu mmoja haiwatoshi hata iwe ya dhahabu.

Afande_Mstaafu
Mtumbwi unawatosha.

MtuWaMasaka
Nimewasikia wote. Shemeji anasema mizigo anafunga Ijumaa na hataki boksi kubwa. Nitampigia leo usiku.

MamaEntebbe
Huyo shemeji ana nafasi ya simu moja? Nalipa.

Daktari_wa_Mifugo
Na mimi nina kioo cha darubini, ni kidogo tu.