Mtoto mwenye usonji anakimbia paredi kila asubuhi, hizi hadithi za kijamii mnaziandikaje?

Ticha_Kizota
Habari za jioni wadau, hasa walimu wenzangu na wazazi. Nafundisha darasa la pili hapa Dodoma mjini, shule ya kawaida haina kitengo cha elimu maalum, watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini. Ninaye mmoja ana usonji, mama yake ana karatasi ya hospitali kabisa. Kusoma anawashinda wenzie wengi, vibao vya daladala vyote anavijua kichwani. Shida ni paredi. Ngoma ikilia tu anaziba masikio na kukimbilia nyuma ya vyoo, na mwalimu wa zamu akimfuata na fimbo ndo inakuwa balaa, anavua mpaka viatu na kurusha. Nimeshauriwa nimwandikie hadithi ya kijamii, yani kile kihadithi kifupi cha kumweleza mtoto hali fulani ilivyo, nimeanza hivi: "Mimi ni mwanafunzi. Kila siku lazima nikae mstarini. Sitaziba masikio. Sitakimbia. Nikikimbia mwalimu atakasirika." Kaisoma bila kukwama hata neno moja halafu kesho yake ngoma ilipolia huyoo kaondoka. Niongeze nini hapo? Na picha mnazitoa wapi maana steshenari kuprinti rangi ni hela.

chaki_na_dasta
Mwalimu pole na kazi. Mimi niko kwenye elimu maalum miaka mingi kidogo, naomba nikuambie ukweli, hizo ni sheria za shule umezipanga kwenye mistari. Hadithi bado. Huyo mtoto kwamba anatakiwa mstarini anajua tayari, mmemwambia sana. Asichokijua ni ile ngoma inapigwa ya nini, itaisha saa ngapi, na yeye masikio yakiuma afanyeje.

Aliyeanzisha hii njia ni mwalimu wa Marekani, Carol Gray, kule Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni yake ya mwanzo ilikuwa kila sentensi moja ya kumwelekeza mtoto cha kufanya iwe na sentensi mbili mpaka tano za kueleza tu hali ilivyo na watu wengine wanaonaje. Yako ina maagizo matupu na kitisho mwishoni. Jaribu kitu kama hiki:

"Asubuhi shuleni kwetu huwa kuna paredi. Ngoma inapigwa ili wanafunzi wajue muda wa kupanga mstari umefika. Sauti ya ngoma ni kubwa. Watoto wengine wanaipenda, wengine inawaumiza masikio. Mimi inaniumiza, na si kosa. Ngoma ikianza naweza kusimama na mwalimu wangu pale kwenye mwarobaini. Naweza kuziba masikio. Mara nyingi ngoma ikiisha yanakuja matangazo, halafu tunaingia darasani."

Angalia nimeweka "mara nyingi". Ukimwandikia "kila siku" halafu siku moja mvua ikanyesha paredi ikafutwa, kwake wewe ni muongo na hiyo karatasi haishiki tena. Na huo mwarobaini mkubaliane kwanza na mwalimu wa zamu, maana mtoto akifika pale akakutana na fimbo umemharibia zaidi ya mwanzo.

mama_wawili_Nkuhungu
Hapo kwa mwalimu wa zamu dada umegusa penyewe 🙌 Wangu naye ana usonji yuko la nne sasa. Picha usihangaike na michoro mwalimu, wangu alikataa kabisa katuni niliyomtolea mtandaoni akasema huyu sio mimi na hii sio shule yangu, akafunga daftari. Piga na simu yako, geti, ngoma yenyewe ikiwa imewekwa chini, huo mti, mlango wa darasa. Printi nyeusi nyeupe zinatosha, bandika kwenye daftari dogo. Kuhusu kusoma, soma naye akiwa ametulia, sisi tunasoma jioni akishakula na asubuhi kabla ya kutoka, bibi yake anamsimulia kwa Kigogo anaelewa vizuri tu. Ila akiwa ameshaanza kulia usimtolee daftari kabisa, ataliona nalo ni adhabu.

Mjukuu_wa_Mpwapwa
Samahani wakuu ila naona mnadekeza. Darasa la watoto themanini mwalimu mmoja aandikie kila mtu hadithi yake? Sisi tulichapwa tukanyooka.

chaki_na_dasta
@Mjukuu hakuna aliyesema kila mtu, ni mmoja na ni karatasi moja. Na huyo fimbo ameshaipata, soma juu hapo uone imezaa nini.

daktari_wa_mchana
Niongezee kitu kwa wanaofikiri ni muujiza. Uingereza walifanya jaribio kubwa, shule 87, watoto 249, na baada ya miezi sita kwenye kipimo cha jumla cha kuhusiana na watu hawakuona tofauti ya maana. Ila lile lengo moja alilowekewa mtoto, waliosomewa hadithi walilifikia mara nyingi zaidi. Yani usitegemee abadilike tabia nzima, chagua jambo moja dogo kama hilo la paredi ubaki nalo hapo hapo.

Ticha_Kizota
Asanteni sana. Leo nimeongea na mwalimu mkuu, kakubali asimame kwenye mti na mimi, mwalimu wa zamu kanuna lakini kakubali. Picha nimepiga. Sasa kuna mchakamchaka, ule nao anaugomea maana watoto wanaimba huku wanasukumana, niuweke humo humo?

chaki_na_dasta
Hapana, mchakamchaka uandikie yake baadaye, hii ya ngoma ikishakaa. Kwanza mwandikie moja ya kitu anachokiweza, Gray mwenyewe anataka angalau nusu ya hadithi ziwe za kumpongeza mtoto. Hiyo ya kusoma vibao vya daladala inatosha kabisa, tena mpe aisome mbele ya darasa kama atataka.

mama_wawili_Nkuhungu
Na nakala moja mpe mama yake mwalimu, asije akamsimulia tofauti nyumbani.

Ticha_Kizota
Sawa dada, kesho anakuja kumchukua nitampa.