Kipande cha mbao nikikisimamisha kwa ubavu, mbona msuguano hauongezeki?

Mvutaji:
Habari wakuu. Nina kipande cha mbao cha sm 20 kwa 10 kwa 5, tungamo gramu 600, hivyo uzito wake ni N 6 (g = 10). Nikikilaza mezani na kukivuta kwa mizani ya springi, mizani inasoma N 2.4 kabla hakijachomoka, kisha inashuka hadi N 1.8 kikiwa kwenye mwendo. Nikikiweka kwa ubavu wa 20 kwa 5, namba ni zilezile. Lakini kanieneo imepanda kutoka Pa 300 hadi Pa 600! Msuguano si ulipaswa kuwa mara mbili? Na nikikisimamisha kwa upande wa 10 kwa 5, kinaanguka kabla hakijatembea. Nakosea wapi?

Nundu:
Vipimo vyako ni vizuri sana. Tatizo liko kwenye hesabu ya "mara mbili". Kanieneo ni kani inayobebwa na kila mita moja ya mraba. Kweli imepanda mara mbili, lakini mita za mraba nazo zimepungua nusu: 300 × 0.02 = 6 na 600 × 0.01 = 6. Meza inasukumwa kwa N 6 ileile, na msuguano unafuata hiyo N 6. Gawanya 1.8 kwa 6 upate 0.3, hiyo ndiyo namba ya msuguano wa mwendo kwa mbao yako na meza yako.

Ila hesabu peke yake haitoshi, tazama kinachotokea pale chini. Mbao unayoiona bapa ina vilima na mabonde madogo mno, na meza vilevile. Zinagusana vileleni tu, sehemu ndogo sana ya eneo unalolipima kwa rula. Ukikilaza, vilele vinavyogusana ni vingi na kila kimoja kimebonyezwa kidogo. Ukikiweka kwa ubavu ni vichache, lakini kila kimoja kimebonyezwa zaidi na kutanuka. Jumla ya mguso wa kweli inabaki ileile kwa sababu mzigo ni uleule. Mwanafizikia Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza kanuni hii ya eneo mwaka 1699, na wengi walikataa kuiamini kwa sababu hiyohiyo inayokusumbua wewe.

Kamba Chini:
Kuhusu kuanguka: umefunga kamba juu mno. Kipande kimesimama na kitako cha sm 5 upande unaovutia, kwa hiyo uzito unakirudisha kwa 6 × 2.5 = N·sm 15. Kukichomoa kunahitaji N 2.4, na 15 ÷ 2.4 ni sm 6.25. Kamba ikiwa juu ya hapo, kitapinduka kabla hakijateleza. Funga sm 2 hivi kutoka mezani, au geuza uvutie upande ambao kitako ni sm 10.

Mengine ya kuangalia. Sawazisha sifuri ya mizani ikiwa imelala, si ikiwa inaning'inia, kwa sababu ndoano yake ina uzito unaovuta springi. Kamba iende sambamba na meza. Ikiinuka, inabeba sehemu ya uzito na utasoma kidogo kuliko kweli. Vuta polepole kwa mwendo usiobadilika. Ukiongeza kasi, sehemu ya N unazosoma inaongeza mwendo tu, si msuguano. Halafu panga mawe ya mizani ya gramu 200 juu yake, moja moja, uchore grafu ya msuguano dhidi ya uzito wote. Mstari upite kwenye sifuri. Usipopita, rudi kwenye sifuri ya mizani.

Na tafadhali usiandike kwamba msuguano wa kitu kilichotulia ni N 2.4 daima. Ukivuta kwa N 1, msuguano ni N 1. Hiyo 2.4 ni kikomo chake. Kosa hili linakula maksi nyingi mno.

Mvutaji:
Asanteni sana, sasa imeingia. Basi nikikipiga msasa na meza nayo mpaka ziwe laini kabisa, msuguano utaisha?

Nundu:
Utapungua mwanzoni, kisha ukizidisha ulaini unaweza kupanda. Nyuso mbili bapa na safi kupindukia zinakaribiana kiasi cha molekuli zake kuvutana. Vile vipande vya chuma vya kuhakikia vipimo karakana, viwili ukivisugua pamoja vinashikana na kunyanyuka kama kimoja.

Kamba Chini:
Kanuni ya eneo usiipeleke kila mahali, vilevile. Mpira wa tairi hubonyea kirahisi, na namba yake ya msuguano hushuka kanieneo ikizidi, hivyo upana wa tairi una maana yake. Kwenye matope au mchanga gurudumu jembamba linazama, na kinacholizuia zaidi ni udongo linaousukuma mbele yake. Hapo kanieneo ndiyo ya kuhesabu kwanza.