Tupeane uzoefu: picha uliyoifungua kwenye kompyuta ikakuletea balaa

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Nashona na kuuza nguo za vitenge hapa Mwanza, na oda zangu karibu zote zinaingia kupitia ukurasa wetu wa mtandaoni. Mwezi wa tatu alinitafuta mteja anayetaka sare za kamati ya harusi, watu 24. Aliandika kwa adabu, akauliza bei ya jumla, akauliza mzigo wa Bukoba natuma kwa basi au kwa meli. Mwishoni akasema sampuli za mishono ni nyingi, amezikusanya kwenye zip moja (faili linalobana mafaili mengi pamoja), nifungulie kwenye kompyuta nizione vizuri.

Ndani mlikuwa na picha tano. Nne zikafunguka, magauni mazuri kabisa, nikaanza hata kupiga hesabu ya mita. Ya tano nilipoibofya kiduara kilizunguka sekunde mbili tatu, halafu kimya. Nikabofya tena, kimya. Nikamwambia ya tano haifunguki. Akajibu, "Jaribu kompyuta nyingine dada, labda hiyo ni ya zamani." Nikajaribu kwenye ya mdogo wangu.

Kesho yake alfajiri nimeshatolewa kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Barua pepe imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa. Na nilikuwa nimeweka ule ulinzi wa kutumiwa kodi, yaani namba za uthibitisho, kwenye simu, lakini hakuna kodi yoyote iliyoingia. Kufikia mchana wateja wangu watatu walikuwa wametuma malipo ya awali kwa namba nisiyoijua.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Ile ya tano haikuwa picha. Mimi nilisoma mshono5.jpg, na alama yake ilikuwa ya picha kama zile nyingine. Yeye akaenda kwenye View ya dirisha la folda, akaweka tiki kwenye File name extensions, mkia wa pili ukajitokeza: mshono5.jpg.scr. Kisha akanionyesha safu ya ukubwa. Zile nne zilikuwa na KB mia mbili, mia tatu. Hii ilikuwa na MB 740, wakati zip nzima niliipakua ikiwa na MB 9. Namba hizo zilikuwa mbele yangu muda wote na sikuzitazama.

Naomba tukusanye visa vyetu hapa. Kama yamekukuta, tueleze yalianzaje na uliona nini kwenye skrini, maana wengi tunafanya biashara kwa kutumiana picha kutwa nzima.

Fundi wa kompyuta, Dodoma

Pole sana dada. Kisa chako nimekipokea mezani kwangu mara nyingi, tofauti ni bidhaa tu. Muuza viatu anatumiwa "picha ya kiatu ninachotaka", dalali anatumiwa "picha za kiwanja".

Faili la .scr ni la skrini seva (ile michoro inayotokea kompyuta ikikaa bila kuguswa), na kwa Windows skrini seva ni programu kamili, sawasawa na .exe. Aliyeitengeneza anaivisha alama yoyote anayotaka. Windows nayo kwa kawaida inaficha mkia wa mwisho inaoujua, kwa hiyo unabaki unaona .jpg. Zile MB 740 karibu zote ni sifuri tupu zilizojazwa makusudi, kwa sababu programu nyingi za kukagua virusi huruka mafaili makubwa. Sifuri zikibanwa kwenye zip zinakuwa si kitu, ndiyo maana uliona MB 9.

Kuhusu kodi ambayo haikuja: hawakuhitaji nywila yako. Ukishaingia kwenye tovuti, kivinjari kinatunza vidakuzi vinavyosema "huyu tayari ameshathibitishwa". Programu hizi zinakomba vidakuzi hivyo pamoja na nywila zilizohifadhiwa, mwizi anaviweka kwenye kivinjari chake, tovuti inamwona kama wewe. Kwa hiyo likikupata, chukua kifaa kingine ambacho hakijaguswa, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha ndipo ubadilishe nywila. Ukibadilisha ukiwa kwenye kompyuta ileile unamkabidhi mpya. Na ya mdogo wako isafishwe pia.

Dada wa steshenari, Morogoro

Mimi napiga na kuchapa picha za pasipoti, na kwetu balaa linakuja na flashi. Mwanafunzi mmoja alileta flashi yenye folda moja, "PICHA". Nikaibofya, ikafunguka, picha zake nikaziona, nikachapa nane, akalipa akaenda. Mteja aliyefuata, flashi yake ilikuwa na kazi za chuo. Nilipoichomeka, folda zake zote zikageuka shotikati (viungo vya kufungulia kitu kingine) mbele ya macho yetu, na kila moja ina kimshale kwenye kona ya chini kushoto. Yule kijana alikuwa na ripoti ya mafunzo kwa vitendo humo, ya kukabidhi siku hiyohiyo. Alinyamaza tu, ananiangalia. Sitasahau.

Kumbe ile "PICHA" ya mwanafunzi nayo ilikuwa shotikati yenye virusi. Mafaili ya yule kijana yalikuwepo, yamefichwa tu, tulikuja kuyarudisha. Tangu hapo nimewasha ile tiki ya kuonyesha mikia kwenye kompyuta zote tatu.

Fundi wa kompyuta, Dodoma

Dada wa Morogoro, hapo ongeza kitu. Mkia wa shotikati, .lnk, Windows inauficha hata ukiwa umeweka tiki. Kwa hiyo usitegemee mkia peke yake. Weka mwonekano wa Details na uangalie safu ya Type. Picha itajitaja kuwa ni picha, shotikati itajitaja Shortcut. Safu hiyohiyo inafichua ujanja mwingine wa kuweka ndani ya jina herufi isiyoonekana inayogeuza maandishi yasomeke kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu. Jina linaweza kuonekana linaishia na jpg kumbe kiuhalisia linaishia na exe.

Karani wa clearing, Mombasa

Kwangu ilikuja kwa barua pepe, imeandikwa ni ankara ya kontena, mkia wake .svg. Nilijua svg ni mchoro, nembo za kampuni twapewa hivyo kila siku. Nikafungua, ikafunguka ndani ya kivinjari, na badala ya ankara nikaona ukurasa wa kuingilia barua pepe, anwani yangu tayari imejazwa, yabaki nywila. Ilikuwa siku ya meli mbili, simu zalia pande zote. Nikaandika nywila.

Baadaye nilifungua lile faili kwa Notepad. Mchoro wa svg ni maandishi tu, na katikati ya mistari ya kuchora mlikuwa na sehemu imeandikwa script. Kumbe yaweza kubeba JavaScript, lugha ya programu za kurasa za mtandao, na kivinjari kikiifungua moja kwa moja kinaitekeleza. Siku nne watu walikuwa wakisoma barua zetu na wateja. Walisubiri ankara halisi itoke, wakaituma tena ikiwa na akaunti ya benki ya kwao.

Mzee wa kazi

Mwezi wa pili 2001 nilikuwa kwenye ofisi yenye kompyuta sita. Ikaja barua ina kiambatisho AnnaKournikova.jpg.vbs, lakini sisi tuliona .jpg tu. Aliyebofya mmoja, ikajituma kwa kila aliyekuwemo kwenye kitabu chake cha anwani, wakiwemo wafadhili. Aliyeisambaza alikuwa kijana wa Uholanzi wa miaka 20. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na mkia wa pili bado unafichwa.

Mchangiaji mpya

Swali: mimi naangalia mkia, naangalia ukubwa. Ikiwa ni .jpg ya kweli, nipo salama?

Fundi wa kompyuta, Dodoma

Upo salama zaidi, si salama kabisa. Picha haijifungui, kuna programu inayoisoma. Chukulia mtu anayepokea mahindi na kuyamimina kwenye debe. Akiambiwa ni debe moja akaamini bila kupima, kumbe ni debe mbili, mahindi yanamwagikia kwenye vitu vya jirani. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta, vitu vya jirani vinaweza kuwa maelekezo ya nini kifanyike baadaye, na mshambuliaji anachagua kimwagike nini.

Mwaka 2004 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kosa, kwa kosa la aina hii kwenye usomaji wa JPEG. Mwishoni mwa 2005 likaja la WMF, aina nyingine ya picha, baya zaidi, kwa sababu kutazama tu folda yenye picha hiyo kuliweza kutosha, bila kubofya. Kiraka kilitoka tarehe 5 Januari 2006, nje ya ratiba yao ya kawaida. Na Septemba 2023 likagunduliwa kwenye libwebp, maktaba inayosoma picha za WebP ndani ya Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi, tayari likitumiwa na washambuliaji. Walioliripoti ni Apple pamoja na Citizen Lab, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Toronto.

Kwa biashara zetu linalonitia wasiwasi zaidi ni WinRAR, programu ya kufungulia zip na vifurushi vya aina hiyo. Matoleo ya kabla ya 6.23, la Agosti 2023, yana kosa ambalo ukibofya picha ndani ya kifurushi, kinachoendeshwa ni skripti (programu ndogo) iliyowekwa kwenye folda yenye jina lilelile. WinRAR haijisasishi yenyewe. Kwenye kompyuta ninazoletewa bado nakuta ya 5 na kitu. Fungueni Help, kisha About, mwangalie leo.

Mtoa mada

Nimeangalia. Yangu ni 5.40, ya mdogo wangu 5.61. Nimeziondoa zote mbili na kuweka mpya kutoka tovuti yao.

Mwenye sampuli sasa namwambia anitumie kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, si zip wala dokumenti, nami naitazama kwenye simu kwanza. Wengine wanalalamika picha inapoteza ubora. Nawaeleza kwa nini, wengi wanaelewa.

Ukurasa ulirudi baada ya siku 19. Wale wateja watatu niliwapigia mmoja mmoja. Pesa haikupita kwangu, lakini walituma kwa jina langu. Wawili nimeshawashonea bila kuwatoza ile sehemu waliyoibiwa. Wa tatu gauni lake lipo mezani sasa hivi, nimebakiza zipu na pindo.