Mdogo wangu haoni, anaanza chuo. Serikali inasaidia laptopu au tujipange wenyewe?

mama_tabata: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu haoni tangu ana miaka tisa, kapata chuo hapahapa Dar na sasa kila mtu ananiambia lake, mara nenda manispaa kuna mkopo wa walemavu, mara nenda ustawi wa jamii, nimeenda ofisi moja nikaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu nikaambiwa mhusika yuko semina. Anahitaji laptopu inayosoma kwa sauti. Naanzia wapi?

fundi_kkoo: Pole dada. Ule mkopo ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 walemavu, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Hauna riba ila ni wa biashara, ukiwaambia unataka laptopu ya kusomea watakushangaa tu.

fimbo_nyeupe: Mimi mwenyewe sioni, nimemaliza chuo, ngoja niseme. Usitafute "laptopu ya wasioona", hakuna kitu kama hicho, ukiuziwa umepigwa. Chukua laptopu yoyote ya Windows, hata used ya Kariakoo, iwe na spika nzima na kibodi isiyoruka herufi, halafu pakua NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni bure kabisa, waliianzisha Waaustralia wawili wasioona mwaka 2006. Kiswahili inasoma ila kwa ile sauti yake ya kawaida utadhani mzungu kaja Zanzibar juzi, utazoea 😂 Kwenye simu ya Android kuna TalkBack, kazi yake ni hiyohiyo, mara nyingi imo tayari, ingia mipangilio, tafuta ufikivu.

Kinachouma sio programu, ni mtu wa kumfundisha. Mimi nilikaa na laptopu miezi minne nafungua na kufunga tu kwa sababu mwalimu alikuwa anajua kutumia mausi, na mausi kwangu ni takataka. Kwahiyo akifika chuo wiki ya kwanza aulize wanaohudumia wanafunzi wenye mahitaji maalumu wako jengo gani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwa mfano wanacho kitengo. Na kwenye mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, ajaze ulemavu wake na aambatanishe fomu ya kuuthibitisha, wenye ulemavu wanapewa kipaumbele.

fundi_kkoo: Na msamaha wa kodi je? Nilisikia vifaa vya walemavu havilipiwi ushuru.

fimbo_nyeupe: Ni kweli, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe vile vilivyotengenezwa mahsusi kwa walemavu, mfano mashine ya breli au kitimwendo. Laptopu ya kawaida haimo, kodi unalipa kama wengine.

mama_tabata: Asante sana kaka, kumbe nilikuwa nahangaikia laptopu ya milioni tatu niliyoonyeshwa mahali. Hiyo NVDA naiweka leo kwenye ya kwangu aanze kujizoesha kabla chuo hakijafungua.

fimbo_nyeupe: Ukishaiweka mfichie mausi.