Mshono wa umio unavuja siku ya 7: klipu, stenti au sponji?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ameondolewa umio kwa saratani, tumbo (mfuko wa chakula) likapandishwa kifuani na kushonwa kwenye umio uliobaki. Leo siku ya 7: homa, mapigo 120, presha imetulia. Kamera ya endoskopia inaonyesha mshono umeachia sm 1.5, na nyuma yake kuna shimo la usaha la sm 4. Stoo kuna klipu za kawaida (vibanio vidogo vya chuma) na stenti zilizofunikwa (mirija ya wavu yenye utando). Nianzie wapi?

Koleo: Klipu ziache hapo hapo stoo. Hizo ni za tundu jipya, chini ya sm 1, lililotobolewa sasa hivi na palipo safi. Mshono wa siku ya 7 una kingo laini kama mkate uliolowa chai. Klipu itakata nyama na kudondoka. Ikishika ndiyo balaa zaidi, umefungia usaha ndani. Tazama pia rangi ya tumbo lililopandishwa. Likiwa jeusi, mpigie mpasuaji, endoskopia haitamfaa. Na ukiingiza kamera, pulizia kabonidioksaidi: mwili huinyonya haraka, hewa ya kawaida hubaki kifuani ikabana mapafu.

Sponji_Kwanza: Shimo hilo linataka sponji iliyounganishwa na mashine ya kufyonza usaha. Kama hamna seti ya kiwandani, chukueni sponji nyeusi ya vidonda na mrija wa pua namba 16. Pitisha mrija puani kwanza, uutoe mdomoni, ndipo uvike sponji juu ya matundu yake na kuifunga kwa uzi juu na chini. (Wengi husahau pua, wakajikuta mrija unaning'inia mdomoni.) Sponji iwe ndogo kuliko shimo. Acha kitanzi cha uzi nchani, kishike kwa koleo, uiburute hadi ndani, kisha washa mashine kwenye mmHg 125 hasi. Ukuta ukiikumbatia sponji, umepatia.

Badilisha kila siku 3 hadi 5. Ukichelewa, nyama mpya huota ndani ya vitundu vya sponji na kuivuta kunaleta damu. Zima mashine kwanza, sukuma maji ya chumvi mrijani, kisha vuta taratibu. Kabla ya yote, soma CT skani uone aota (mshipa mkuu wa damu) iko umbali gani. Sponji isilale juu ya mshipa mkubwa.

Koleo: Stenti nayo hufanya kazi, lakini hapo hakuna sehemu nyembamba ya kuishika, itateleza kwenda chini. Ukilazimika, chagua pana, ibane ukingo wa juu, weka mrija wa kutoa usaha kifuani kwa sababu stenti haitoi usaha, na uiondoe ndani ya wiki 4 hadi 6.

Zamu_ya_Usiku: Asante. Chakula?

Sponji_Kwanza: Asimeze kitu, hata maji. Mlishe kwa mrija unaofika kwenye utumbo mdogo. Antibiotiki ziguse na bakteria wasiohitaji hewa. Kipimo cha kumeza (eksirei ya kuona kama bado panavuja) mkirudia, tumieni dawa ya picha inayoyeyuka kwenye maji. Bariamu, ile dawa nyeupe ya eksirei, ikimwagikia kifuani inawasha vibaya na haitoki.