Tupeane uzoefu: Neno gani la kiwanja au ujenzi lilikugharimu kabla hujalielewa?

Mnunuzi wa Kibaha (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naanza na langu, nanyi mfuate.

Mwaka 2019 nilinunua kiwanja Kibaha. Dalali aliniambia "kimepimwa", nikaona mawe ya mipaka pembe zote nne, roho ikatulia. Nilipoanza kufuatilia hati, afisa ardhi akaniuliza namba ya ramani ya upimaji. Sikuwa nayo kwa sababu haikuwepo. Kilichokuwepo ni mchoro wa mipango miji tu, ule unaoonyesha hapa pawe makazi, hapa barabara, hapa shule. Mchoro huo unapanga matumizi ya eneo, haupimi kiwanja cha mtu. Kiwanja kinahesabika kimepimwa pale mpimaji anapoweka bikoni (mawe rasmi ya mipaka) zenye namba na ramani yake ikaidhinishwa, kikapata namba yake na kitalu chake. Mawe niliyoyaona yalikuwa zege la mwenye shamba mwenyewe, halina namba yoyote.

Tulichanga na majirani tukapimiwa rasmi, ikachukua karibu miaka mitatu, na ukanda mzima wa upande wa mashariki ukaenda kwenye barabara. Msingi wangu ulikuwa umeshafika hapo. Naomba mlete yaliyowakuta kweli, na vipimo kama mnavyo.

Mama wa Chanika

Pole sana ndugu yangu. Langu ni "ishirini kwa ishirini".

Mimi kichwani nilikuwa na mita, yaani mita za mraba 400. Muuzaji alikuwa na hatua zake, akatembea mbele yangu akihesabu kwa sauti, nikaridhika. Mwanangu alipokuja na futi kamba tukapata mita 17 kwa 18, ambazo ni 306. Karibu robo ya nilichodhani nimenunua haipo, na mkataba umeandikwa "20 x 20" bila kusema ni ishirini ya nini.

Baba yangu alinieleza jambo ambalo sikulijua. Wazee wakisema ekari ni sabini kwa sabini, walimaanisha hatua kubwa za mtu mzima, ambazo ni kama yadi, pungufu kidogo ya mita. Yadi 70 kwa 70 zinaangukia karibu kabisa na ekari, ambayo ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa sahihi. Siku hizi muuzaji anapiga hatua fupi, na mnunuzi anawaza mita 70, ambazo zingempa 4,900. Andikeni neno "mita" kwenye mkataba, jamani.

Fundi wa Morogoro

Nipo kwenye ujenzi mwaka wa 15 sasa, nitasema upande wa fundi.

Neno linalogombanisha watu kuliko yote ni "kupaua". Nilikuwa na mteja yuko Muscat, tukakubaliana kwa simu bei ya kupaua boma lake, yaani nyumba yenye kuta bila paa. Mimi nilimaanisha ufundi tu: kupiga kenchi (fremu za mbao za paa), kugongea papi (mbao za kushikia bati), kuezeka. Yeye alielewa kwamba mbao, bati, misumari na fisha bodi (mbao za ukingo wa paa) vyote vimo. Alituma pesa, akasubiri picha ya nyumba yenye paa. Tuligombana hadi shemeji yake akaja kutusuluhisha, na boma likanyeshewa masika nzima. Tangu siku hiyo naandika kwenye karatasi, hata kwa kazi ya siku mbili, kama ni ufundi pekee au ufundi na vifaa, halafu naorodhesha kitu kimoja kimoja.

La pili ni bati. Mteja mwingine alileta bati za geji 32 kwa furaha, akijua amepata nene kuliko geji 28 za jirani yake. Geji ni kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Zilikuwa zimeshalipiwa na kushushwa, na duka halikukubali kurudisha. Hilo linaniuma mpaka leo, maana alinipigia kabla ya kwenda dukani nikamwambia tu "chukua bati nzuri".

Kwenye saruji mambo ni tofauti, namba ikipanda nguvu inapanda: 42.5 ina nguvu kuliko 32.5. Nguzo, mkanda (boriti ya zege inayozunguka kuta) na slabu nataka 42.5. Kujengea tofali na kupiga plasta, 32.5 inatosha.

Mpangaji

Langu ni fupi. Tangazo lilisema "chumba masta, choo ndani". Nikalipa kodi ya miezi sita. Choo kipo ndani ya nyumba kweli, lakini tunakitumia wapangaji wa vyumba vinne. Ulizeni mlango wa choo unafungukia wapi.

Mkaazi wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kuna jambo ambalo wageni huliona ajabu: nyumba bila ardhi. Mtu anakuuzia nyumba, kuta na mabati yake, lakini ardhi ni ya mwenye shamba, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Ni desturi ya tangu zamani hapa pwani, na wengi wamezaliwa na kuzeeka katika nyumba hizo.

Marehemu mjomba wangu alinunua namna hiyo, akaamini amepata ploti. Alipotaka kuweka ghorofa, mwenye ardhi akakataa, na hakuwa na la kusema kwa sababu karatasi yake ilitaja nyumba tu. Ukiuziwa nyumba huku, uliza kwanza: je, na ardhi yake?

Dada wa Mbagala

Mimi niliita "hati" ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Benki wakaniambia huo ni ushahidi kwamba tuliuziana, si hati miliki. Nina leseni ya makazi sasa, na nayo nilijifunza ni ya muda mfupi, inahuishwa. Hati miliki yenyewe hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Nafuatilia urasimishaji wa mtaa wetu, yaani viwanja vyetu vipimwe na kutambuliwa rasmi.

Mnunuzi wa Kibaha

Asanteni sana. Fundi wa Morogoro, nisaidie. Fundi wangu anasema msingi mpya ni "kozi tano" na bei yake nimeshapewa. Kozi tano ni urefu gani?

Fundi wa Morogoro

Kozi ni mstari mmoja wa tofali, mkuu. Urefu unategemea tofali limewekwaje. Tofali la inchi 6 likilazwa, kila kozi inapanda inchi 6 na ukuta unakuwa na unene wa inchi 9. Likisimamishwa, kozi inapanda inchi 9 na ukuta ni inchi 6 tu. Kozi tano za kulaza ni kama inchi 30, za kusimamisha ni 45, bila kuhesabu udongo wa kati, yaani saruji na mchanga wa kuunganishia tofali. Msingi mimi hulaza. Muulize kabla hujampa malipo ya kwanza.

Mnunuzi wa Kibaha

Nimempigia. Kwenye bei aliyonipa alikuwa amehesabu za kusimamisha. Kesho tunakutana kiwanjani tuanze hesabu upya.